Jua Linazama Nyuma Yetu

Mombasa jua halizami baharini. Mtoto yeyote wa Pwani anajua hili, na karibu kila mgeni hulisahau. Kuanzia Vanga hadi Kiunga, pwani yetu imetazama mashariki. Jua linachomoza majini, linapanda, linatupita utosini, kisha linashuka upande wa bara nyuma ya minazi na maghorofa. Ikifika saa kumi na mbili jioni pale Diani, bahari iliyo mbele yako ni samawati iliyofifia, na lile jua unalolitafuta liko mgongoni mwako, limejificha nyuma ya hoteli.

Mimi napiga picha. Kodi ya nyumba inalipwa na harusi, hasa usiku wa kupamba, ambako wanaume hawaingii na mwenye kamera sharti awe mwanamke. Lakini hupata pia wateja kutoka Nairobi. Wameshuka Miritini na SGR Ijumaa usiku, Jumamosi wako ufukweni, na wanataka picha moja tu: wawili wameshikana mikono, nyuma yao jua la rangi ya chungwa linaingia ndani ya maji. Nawaambia sawa, tukutane saa kumi na mbili asubuhi. Wanacheka. "Dada, sisi tunataka jua likizama, si likitoka." Basi nawageuza polepole, nawaonyesha jua liko wapi, na naiona ile sura ya mtu aliyegundua kwamba ramani iliyo kichwani mwake ni ya nchi nyingine.

Na ni ya nchi nyingine kweli. Ile picha tumeibeba kutoka filamu za California na kalenda za mahali ambapo bahari iko magharibi. Ukiona picha inayouzwa kama machweo ya Pwani ya Kenya, yenye bahari wazi mpaka upeoni na jua limekaa juu ya maji, jua kwamba aliyeipiga aliamka mapema. Jua likiwa chini, rangi za asubuhi na za jioni zinafanana sana, na karatasi haiwezi kukubishia.

Hata hivyo bahari yetu ina mikono. Pale Kilifi inaingia bara ikielekea magharibi, na ukisimama karibu na daraja jioni, maji yote yanashika moto. Mida, nyuma ya Watamu, jua linaangukia msitu wa Arabuko Sokoke. Mombasa yenyewe imekumbatiwa na mikono miwili: Tudor upande mmoja, Kilindini upande wa pili. Na Kilindini ni kama jina lake, mahali penye kilindi, ndiyo maana meli kubwa za makontena huingia huko. Bandari huzaliwa kwenye mikono hii kwa sababu mawimbi ya bahari kuu hayaingii na nguvu zake zote. Kwa hivyo ukitaka machweo juu ya maji hapa kwetu, achana na ufuo, nenda bandarini. Na bandarini, tofauti na ufukwe wa hoteli, kuna watu wako kazini.

Halafu kuna suala la maji yenyewe. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, yanasogea kama mita moja hivi, kivivu. Mamlaka ya bandari huchapisha jedwali la maji kila mwaka, na siku hizi unalipata kwenye simu. Wavuvi niliokua kati yao hawakuwa na jedwali. Walihesabu mwezi.

Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo ambalo lilinichukua miaka miwili ya kupiga picha kulielewa, na nilipowaambia wavuvi nimeligundua walinitazama kama mtu aliyegundua kwamba ugali unaliwa kwa mkono. Bamvua huja wakati jua na mwezi vimejipanga, basi maji yake hujaa saa zilezile kila mara. Mombasa ni mwendo wa saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kupwa kwake huwa saa nne, saa tano. Maana yake ni kwamba yale maji yanayotoka mbali kabisa, yakaacha mwamba wazi na mitumbwi imelala ubavu kwenye matope, hayakutani na machweo hata siku moja kwa mwaka. Ukiyataka, njoo saa nne asubuhi jua likikupiga kichwani, au saa nne usiku na tochi. Kupwa kunakoangukia saa ya machweo ni kule kwa maji mafu na siku chache baada yake, ambapo maji hayaendi popote pa maana. Siku za bamvua, jua linapozama, bandari imejaa na maji ndiyo kwanza yameanza kugeuka. Mashua iliyochelewa inapambana na mkondo unaotoka, na unaona mwili wa kila mtu aliye ndani umekaza.

Na muda wenyewe ni mfupi. Karibu na ikweta jua linashuka karibu wima, halizungukizunguki. Novemba Mombasa linazama mwendo wa saa kumi na mbili na dakika kumi. Februari ni karibu saa moja kasorobo. Likishaondoka una kama dakika 20 za mwanga unaofaa, kisha giza. Likizama tu, adhana inaita. Kiswahili kimeweka vitu vitatu kwenye neno moja, magharibi: upande, wakati, na swala. Nikiwa Bandari ya Kale, ile dakika ambayo vitabu vya upigaji picha vinasema ndiyo ya thamani zaidi ndiyo dakika ambayo watu wangu wanaweka nyavu chini, wanatawadha, na kuondoka. Rangi inabaki kwa ajili ya maboti na paka.

Bandari ya Kale iko upande wa Tudor, chini ya Mji wa Kale, na Fort Jesus inalinda mlango wake. Ngome hiyo Wareno waliianza mwaka 1593. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka hapa na kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakangoja upepo ugeuke, yakarudi na kusi. Siku hizi meli kubwa ziko Kilindini, na hapa wamebaki wavuvi, mashua za mizigo midogo, na watoto wanaoruka majini kutoka kwenye ngazi.

Kwa mpiga picha, mahali hapa ni pagumu. Mji uko magharibi mwa maji, juu ya mwamba, basi jua linapoanza kushuka, nyumba za ghorofa zinatupa kivuli chao bandarini. Kufikia saa kumi na moja na nusu ngazi tayari ziko kwenye baridi ya kivuli. Wapiga picha wengi huvuka kwenda English Point, upande wa Nyali, wakageuza kamera kuelekea mjini. Kutoka huko ni rahisi: paa, minara, ngome, jua nyuma yake, na mashua moja ikipita katikati. Mashua nyeusi. Watu weusi tii ndani yake, kama waliokatwa kwa mkasi.

Hiyo ndiyo picha inayouzwa. Najua kwa nini. Kamera haiwezi kubeba anga linalowaka na uso ulio kivulini kwa pamoja. Lazima uchague kimoja. Ukichagua anga, mtu anageuka umbo. Ukichagua mtu, anga linakuwa jeupe na mteja anauliza machweo yako wapi. Na tusijidanganye kwamba mashine hizi hazina historia. Kwa miaka mingi Kodak walipima rangi za filamu kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Yeye akitoka vizuri, basi rangi ziko sawa. Ngozi kama zetu zilisubiri. Weka ngozi ambayo mashine haikufikiriwa kwa ajili yake, weka jua nyuma yake, na picha ya kivuli inakuwa njia nyepesi kuliko zote. Inapendeza, na hakuna anayeuliza huyo ni nani.

Mimi najua mmoja wao ni nani. Ni babangu.

Mama ana postikadi ambayo mtu alimletea kutoka duka la vinyago karibu na Fort Jesus, nikiwa darasa la pili au la tatu. Ina bahari ya dhahabu, jua duara juu ya maji, na ngalawa yenye watu wawili. Aliyesimama mbele ameshika upondo, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Bega hilo lilivunjika alipoanguka mnazini akiwa kijana na halikuunganishwa sawasawa. Mtaa mzima ulimtambua. Watu walikuja nyumbani kuiangalia, wakacheka, wakamwambia Baba sasa ameshakuwa staa. Yeye alisema tu kwamba hakumbuki mtu yeyote mwenye kamera.

Nyuma ya ile kadi kumeandikwa kwa Kiingereza kwamba haya ni machweo ya Mombasa.

Baba alifariki kwa maradhi nikiwa na miaka kumi na mmoja. Zile siku tulipotafuta picha yake ndipo tulipogundua tulichonacho. Hakuwa mtu wa studio. Kulikuwa na kitambulisho, alichopigwa akiwa kijana hata ndevu hazijaota, na chenyewe kilibidi kirudishwe serikalini wakati wa kuchukua cheti cha kifo, tukabaki na kopi ambayo wino wake unafifia. Na kulikuwa na postikadi. Kopi ina uso bila bahari. Postikadi ina bahari bila uso. Sura yake ya utu uzima, ile niliyoijua mimi, ile iliyokuwa inaingia mlangoni inanuka samaki na mafuta ya taa, haiko popote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshanunua kamera yangu ya kwanza ya mitumba, nilimuuliza Mama kama anaipenda ile kadi. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Naipenda. Lakini imesema urongo."

"Kwa vile haonekani uso?"

"Uso wake mimi naujua. Nasema hapo nyuma. Wameandika jioni. Hiyo ni asubuhi, mwanangu. Jua liko baharini. Na tazama tanga, limejaa umande, upepo watoka bara. Babako hapo ndiyo kwanza aenda. Harudi."

Nimeifikiria sana hiyo sentensi. Kwa mgeni aliyenunua kadi, kuna tofauti gani? Rangi ni zilezile. Lakini kwa mke wa mvuvi, asubuhi na jioni ni vitu viwili tofauti kabisa. Asubuhi ni mtu anayeondoka. Jioni ni mtu aliyerudi, na unaweza kuanza kukuna nazi. Aliyeandika ile kadi aligeuza kuondoka kukawa kurudi, na hakujua, na hakuhitaji kujua.

Ndiyo maana siku hizi, bandarini, nalipa jua mgongo.

Ni jambo dogo na si la ajabu. Badala ya kuvuka English Point na kupiga kuelekea magharibi, nabaki upande wa Mji wa Kale, kwenye zile ngazi zenye kivuli, na nasubiri. Kivuli cha mji hakifiki upande wa pili mara moja. Katikati ya mkondo kuna mstari: huku samawati ya baridi, kule jua bado linapita juu ya mapaa na kuanguka majini. Mashua inayoingia siku ya bamvua, saa kumi na mbili kasoro robo, inapita ndani ya mwanga huo kwa dakika mbili, labda tatu. Na mwanga unatoka nyuma yangu, unawapiga wao usoni. Kila kitu kinaonekana. Chumvi iliyokauka kwenye nyusi. Jezi ya Arsenal iliyopauka ikawa ya waridi. Mtu anayekunja jicho, mtu anayepiga miayo, mtu anayekutazama wewe moja kwa moja na kuuliza kwa uso tu: wataka nini?

Huwezi kupiga picha hiyo bila ruhusa. Picha ya kivuli unaweza kuiiba ukiwa mbali, kwa sababu mwenyewe hawezi hata kuthibitisha kwamba ni yeye. Uso unahitaji mazungumzo. Mara ya kwanza nilikwenda na ami yangu, ambaye bado anavua, tukaongea na wazee wa BMU. Maswali yalikuja ya haki. Zaenda wapi hizi? Nani atauza? Sisi twapata nini? Kijana mmoja akasema, "Dadangu, hizi za jua tushazichoka. Kila mwenye kamera aja, na sote twatoka weusi kama makaa. Mamangu mwenyewe hawezi kunijua." Nilimwambia ndiyo sababu nimekuja. Akasema, "Haya, basi kaa upande wa jua."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa maelekezo bora ya taa.

Tulikubaliana mambo matatu. Asiyetaka hapigwi. Anayepigwa anapata yake iliyochapishwa, si ya kwenye simu, kwa sababu simu huanguka majini. Na picha haiuzwi bila mwenye uso kujua bei. Nimeshagawa picha nyingi sasa. Zingine zimewekwa kwenye fremu. Zingine zimekatwa kichwa na mabega zikawa paspoti za kujaza fomu, na hilo nalipenda kuliko fremu.

Sisemi picha za kivuli ni dhambi. Nimezipiga, na mkate wangu mmoja mmoja umetoka huko. Wapo wanaotaka kujificha ndani yake, na hiyo ni haki yao. Ninachosema ni kwamba machweo yanachagua kitu cha kuonyesha na kitu cha kufunika, na mwenye kamera ndiye anayeamua asimame wapi.

Mwaka jana nilipelekwa Lamu kupiga harusi. Mji wa Lamu nao umetazama mashariki, kuelekea kisiwa cha Manda; jioni jua linaanguka nyuma ya mapaa, na ukitaka mji wenye machweo lazima upande boti uvuke hadi Manda ugeuke nyuma. Kazi ilipoisha nikaomba nahodha anizungushe mpaka ghuba ya Manda, kwenye bandari mpya, ile ya mradi wa LAPSSET. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Liko upande wa bara, kwa hivyo ukiwa kwenye maji jioni, jua linazama nyuma ya kreni. Wallahi ilipendeza. Kreni nyeusi ndefu, anga jekundu, maji yametulia kama mafuta kwenye sahani. Nilipiga picha kadhaa na zote zinafaa kwenye kalenda.

Nahodha alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kunionyesha kwa kidole. Pale walikuwa wakivua. Pale walikuwa wakipita na mashua kukwepa bahari kuu msimu wa kusi. Pale wamechimba, chini kumekuwa kina cha meli. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi huo. Alichokuwa ananionyesha hakikuwemo ndani ya fremu yangu hata kimoja. Kilikuwa chini ya maji, au kilikuwa kimeshaondoka. Nikaigeuza kamera. Jua lilikuwa limebakisha kama upana wa kidole, na lilikuwa linampiga yeye usoni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine bado umenyooka ukionyesha mahali ambapo macho yangu yaliona maji tu. Nikamuuliza kama naweza. Akasema piga, lakini mkono uonekane.

Mkono unaonekana. Nyuma yake anga la mashariki ni samawati iliyofifia, rangi ambayo hakuna anayeinunua.

Wiki ijayo mwezi unafika kumi na tano. Maji yatajaa mwendo wa saa kumi na nusu jioni na kuanza kutoka kabla ya jua kuzama. Nimeshaongea na ami. Anasema mashua nne zitachelewa kurudi, kwa sababu samaki wamesogea nje kidogo na vijana wanataka kumaliza mafuta waliyonunua. Nitakuwa kwenye ngazi za Bandari ya Kale kuanzia saa kumi na moja, betri mbili, tripodi nyumbani. Adhana ikiita nitafunga lenzi. Mama ameomba nimpitie baadaye, nimwonyeshe nani amerudi.